Maji yapo, ila hayanyweki: kwa nini asali hukaa miaka na mahindi huota ukungu

Chukua mahindi yenye maji asilimia 18 na asali yenye maji asilimia 18. Kila kimoja kifunge kwenye chombo chake, uviweke kabatini kwenye joto la kawaida la Mwanza. Wiki mbili hivi zikipita, mahindi yatakuwa yananuka uvundo, na ukiyamwaga utakuta punje zimeshikana kwa ukungu. Asali ukiifungua mwakani utailamba bila wasiwasi. Ukiifungua baada ya miaka mitano itakuwa imekoza rangi na kupungua harufu, basi.

Kiasi cha maji ni kilekile. Kwa hiyo ule usemi kwamba chakula kikavu hakiozi ni kweli nusu tu. Asali si kavu, inamiminika. Jambo la kuuliza si chakula kina maji kiasi gani, bali maji hayo yanapatikana kwa nani.

Bakteria, hamira na kuvu havina mdomo. Hula kwa kupitisha chakula kwenye ukuta wa mwili wake, na ili kipite lazima kwanza kiyeyuke kwenye maji yanayoweza kuingia na kutoka. Maji yaliyokwisha kushikwa na sukari, chumvi au wanga hayawafai. Wataalamu wa chakula wana kipimo cha sehemu ya maji iliyobaki huru, kinachoanzia 0 na kuishia 1. Maji matupu ni 1.00. Namna ya kukipima ni rahisi kuielewa: weka chakula kwenye kichupa kidogo, kifunge, subiri kitulie, halafu pima unyevu wa hewa iliyo juu ya chakula humo ndani. Hewa ikisimama kwenye asilimia 80, maji huru ya chakula hicho ni 0.80. Uhusiano huu wa chakula na hewa uushike vizuri, maana kando ya ziwa ndio unaoharibu akiba nyingi.

Samaki mbichi, nyama na maziwa viko kwenye 0.98 au 0.99, kwa hiyo kila kijidudu kinakaribishwa. Ukishusha hadi 0.91, bakteria wengi wanaoozesha vyakula hukoma. Kwenye 0.88 hamira nyingi zinaacha, na kwenye 0.80 kuvu nyingi nazo zinaacha. Wapo wabishi. Yule bakteria wa majipu, stafilokokasi, ambaye sumu yake haiondoki hata chakula kikichemshwa upya, huvumilia mpaka 0.86 hivi. Bakteria wapenda chumvi hufika 0.75, kuvu wachache hufika 0.65, na hamira chache zilizozoea sukari hufika karibu 0.61. Chini ya 0.60 hakuna kinachozaliana kwenye chakula. Sasa rudi kabatini: mahindi ya asilimia 18 yana maji huru karibu 0.85, asali ya asilimia 18 ina karibu 0.60. Mahindi yakikaushwa hadi asilimia 13.5 hushuka mpaka karibu 0.70, na ndiyo maana kiwango hicho hutajwa kila penye ghala.

Angalizo moja kabla ya kuendelea: kukoma si kufa. Kijidudu kilichonyimwa maji hulala. Baadhi ya bakteria hujifunga kwenye ganda gumu, yaani spora, na kusubiri miaka. Asali inaweza kuwa na spora za bakteria wa botulizimu, ambazo kwa mtu mzima hupita tu, lakini utumbo wa mtoto mchanga haujajenga ulinzi wake na spora zinaweza kuamka humo. Kwa hiyo mtoto asiyetimiza miezi 12 hapewi asali kabisa, hata ya kulambishwa kwa kidole, hata iwe imetoka kwenye mzinga wa babu yake.

Nyuki wanavyofunga maji

Mbochi, yale maji matamu ya maua, huwa na maji kati ya asilimia 60 na 80. Ukiyaacha kwenye kikombe huchacha ndani ya siku chache. Nyuki huyabeba kwenye mfuko wa asali tumboni, akifika mzingani humkabidhi mwenzake, naye huyatoa na kuyameza tena na tena kwa matone membamba ili hewa ya joto iyapitie. Kisha huyaweka kwenye vyumba vya sega na kundi zima hupepea kwa mabawa, mpaka maji yabaki asilimia 17 au 18. Hapo tu ndipo hufunika kila chumba kwa nta. Kifuniko hicho ndicho kinachozuia asali isinywe tena unyevu wa hewa.

Kupepea peke yake kusingetosha. Jaribu jikoni: lita moja ya maji kwenye joto la chumba huyeyusha sukari ya dukani kilo mbili hivi, halafu inayobaki inakaa chini. Hiyo ni shira ya asilimia 67, na maji yake huru bado ni 0.85. Kuvu na hamira sugu wanaishi humo vizuri. Ukitaka kuongeza sukari, haiyeyuki. Nyuki analitatua hilo kwa kimeng'enya cha mate yake, invatesi, kinachoikata kila molekuli ya sukari ya mbochi vipande viwili: glukosi na fruktosi. Fruktosi huyeyuka kwa wingi kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo asali hubeba sukari asilimia 80 bila kutuama. Na vipande vikiwa vingi kwa uzito uleule, maji mengi zaidi hushikwa. Fikiria foleni ya bomba la mtaani. Ndoo kumi kubwa zikipangwa, mtu wa kumi na moja ana matumaini. Zikigeuzwa kuwa ndoo ishirini na kila moja ina mwenyewe, aliyechelewa anarudi na kiu. Kijidudu kinachoangukia kwenye asali hufanywa zaidi ya hayo: kinavutwa hata maji yaliyomo mwilini mwake.

Ulinzi wa pili ni uchachu. Kwa utamu wake mtu hawezi kudhani, lakini asali nyingi ina pH kati ya 3.4 na 4.5, yaani ni kali kama au kuliko maziwa mgando. Asidi kuu ni ya glukoniki, inayotengenezwa na kimeng'enya kingine cha nyuki, glukosi oksidesi, na katika kazi hiyohiyo hutoka haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Hapa pana mpangilio wa kupendeza. Kimeng'enya hicho hufanya kazi asali ikiwa bado nyepesi, na karibu kilale kabisa ikiwa nzito. Kwa hiyo mbochi mabichi, ambayo sukari bado haijayalinda, hulindwa na peroksaidi; yakiiva, uzito unashika zamu. Ukiipaka asali kwenye kitu chenye majimaji, kimeng'enya huamka tena. Joto kali hukiua, na mwanga wa jua hukidhoofisha, ndiyo maana asali iliyochemshwa jikoni ili ichujike upesi inabaki tamu ila imepoteza askari mmoja.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine. Maji yake hufika asilimia 25 hadi 30 kwa kawaida ya nyuki hao, na kinachoilinda zaidi ni uchachu wake. Anayeinunua kwa bei kubwa halafu akakuta kizibo kimeruka na povu limejaa shingoni mwa chupa hukimbilia kusema ameuziwa feki. Huenda hakuibiwa, asali hiyo haijawahi kuwa ya kukaa kabatini mwaka mzima. Mahali pake ni kwenye friji.

Asali inapoharibika

Huharibika, tena kwa njia zinazojulikana. Asali yenye maji chini ya asilimia 17 haichachi hata ikiwa na hamira nyingi. Kati ya 17 na 20 inategemea wingi wa hamira zilizoingia. Ikivuka 20 suala ni lini, na ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha Codex kimeweka mwisho hapo kwa asali nyingi. Maji ya ziada huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni kurina mapema: sega ambalo halijafunikwa nta angalau robo tatu ya uso wake liachwe mzingani. Wa pili ni kukamua sega pamoja na makinda ya nyuki. Miili yao ni maji na protini, asali inakuwa na weupe wa maziwa na huanza kunuka pombe baada ya wiki kadhaa. Sega la makinda litengwe kabla mkono haujagusa ndoo. Wa tatu ni hewa. Asali ya asilimia 17 au 18 inalingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hivi. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, asali hupoteza maji, ikizidi, huyanywa. Asubuhi ya Aprili kando ya ziwa hewa hupita 80 bila shida. Ndoo iliyoachwa wazi usiku kucha ili povu lipande imekunywa unyevu kwenye tabaka la juu, na tabaka hilo ndilo hamira zinapoanzia. Povu lipande siku mbili au tatu, sawa, lakini mfuniko uwe umebana.

Kuganda kunachanganya wengi. Asali iliyoganda si lazima iwe imetiwa sukari; glukosi hujitenga na kuwa chenga kwa tabia yake, upesi zaidi kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 15. Ila chenga hizo hubeba maji kama asilimia 9 tu, wakati asali yenyewe ilikuwa na 18. Maji yaliyoachwa huenda wapi? Hubaki kwenye majimaji yaliyo katikati na juu ya chenga, ambayo sasa ni mepesi kuliko asali ya mwanzo. Kwa hiyo asali iliyogawanyika, chini sukari na juu uji mwembamba, ndiyo ya kuangaliwa, maana inaweza kuchacha juu ingawa jumla ya maji yake haijabadilika. Tumbukiza chombo kizima kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, ambayo mkono unavumilia, ukiyabadilisha yakipoa, mpaka chenga ziyeyuke, kisha koroga. Usiibandike jikoni.

Na vile vipimo vya mtaani, kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, kudondosha tone kwenye maji, kuangalia kama sisimizi wanakuja? Njiti huwaka asali ikiwa haina maji mengi, na shira nzito iliyopikwa vizuri nayo haina maji mengi. Tone huzama likiwa zito, na shira ni nzito. Sisimizi hula sukari yoyote. Kuutambua udanganyifu wa sukari ni kazi ya maabara. Kinachopimika nyumbani ni maji, na kifaa ni mizani ya jikoni. Chukua chupa safi, ipime tupu. Ijaze maji mpaka alama uliyoichora shingoni, ipime. Mwaga, ikauke kabisa, ijaze asali isiyo na povu mpaka alama ileile, ipime. Toa uzito wa chupa kote kuwili, kisha gawa uzito wa asali kwa uzito wa maji. Jibu la 1.42 ni asali nzuri ya karibu asilimia 17 au 18. Likishuka chini ya 1.40, maji yamezidi asilimia 20. Chupa iliyobeba maji gramu 500 inatakiwa ibebe asali gramu 700 na zaidi. Kwa dumu la lita 20 ni kilo 28 bila uzito wa dumu, ila madumu mengi hujaa zaidi ya lita 20, kwa hiyo lipime kwanza kwa maji vilevile. Anayenunua kwa jumla kutoka Tabora au Geita atumie rifraktomita ya asali, inayosoma unyevu kwa tone moja.

Chombo kiwe cha plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu. Ndoo za mabati hapana, kwa sababu asidi ya asali huyeyusha ule mpako wa zinki.

Sukari, asidi na joto

Jamu ya maembe au mapera hufuata njia ya asali bila kuifikia. Sukari yake ni asilimia 65 hivi na maji huru yanabaki karibu 0.80, kwa hiyo hutegemea pia asidi ya tunda, joto la kupikia na mfuniko. Chupa ikishafunguliwa, ukungu wa juu ni suala la muda. Kosa moja ni la hapa kwetu. Maelekezo mengi ya kupika jamu husema ipua ikifika nyuzi 104 au 105. Hayo ni ya usawa wa bahari. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo jamu iliyoiva ni ya nyuzi 100 au 101. Anayeng'ang'ania 105 anapata kitu kigumu chenye ladha ya sukari iliyoungua, halafu analaumu maembe.

Maziwa mgando yanakaa siku kadhaa kwa asidi peke yake. Chini ya pH 4.6 bakteria wengi wa hatari hushindwa kukua, lakini hamira na kuvu hazijali, ndiyo maana kibuyu cha mgando huota ukungu mdomoni. Maziwa ya paketi yanayokaa miezi bila friji hayana siri yoyote ya maji: yamepashwa zaidi ya nyuzi 130 kwa sekunde chache na kufungwa bila kuguswa. Ukikata paketi, ni maziwa ya kawaida. Samli nayo haina maji ya kutosha kijidudu chochote, hayafiki asilimia 1. Kinachoiharibu ni hewa na mwanga, na hilo tutalikuta tena kwa dagaa.

Jua, chumvi na hewa ya ziwa

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa na kufika mwaloni alfajiri. Robo tatu ya uzito wao ni maji, maji huru ni 0.99, na bakteria wameshaanza kazi ndani ya boti. Kukausha ni mbio. Si swali la kama watakauka, bali kama watashuka chini ya 0.91 kabla bakteria hawajatengeneza harufu, kisha chini ya 0.70 kabla kuvu haijaamka. Ukishinda mbio ya pili baada ya kushindwa ya kwanza, una dagaa wakavu walionuka.

Chanja cha wavu kilichoinuliwa kimo cha kiuno hushinda mchanga kwa sababu mbili. Hewa hupita chini na juu, na dagaa hawanywi tena unyevu wa ardhi. Samaki watandazwe tabaka moja, wasilaliane, wageuzwe mara mbili tatu kabla ya saa sita mchana. Siku ya jua kali na upepo, tabaka moja huisha kwa siku hiyohiyo. Kati ya Juni na Septemba mambo huwa hivyo. Wakati wa mvua za masika na vuli mbio hupotea, na shehena kubwa huishia kuuzwa kama chakula cha kuku. Kosa kubwa la siku ya mawingu ni kukusanya dagaa nusu wakavu jioni, kuwarundika na kuwafunika turubai. Rundo hutoa jasho, hupata joto, na asubuhi katikati pananuka. Ukiona saa nane mchana hawajapoteza hata nusu ya uzito, ni bora kuwakaanga au kuwapitisha kwenye moshi kuliko kuwabembeleza.

Mkono hudanganya, maana dagaa hukauka ngozi kwanza. Mizani haidanganyi. Pima kilo 10 za dagaa mbichi waliochuja maji, waanike peke yao, uwapime baadaye. Katika kilo 10, kilo 2.5 si maji. Wakifika unyevu wa asilimia 12, uzito unakuwa kilo 2.8. Wakibaki kilo 3.5, bado asilimia 29 ni maji na gunia hilo litaota ukungu njiani. Hesabu hii inawafaa walioanikwa chanjani. Walioanikwa mchangani wanapimwa pamoja na mchanga wao, na kila mnunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba anajua hesabu hiyo huenda kwa nani.

Dagaa wakavu barabara bado wana adui mmoja ambaye si kijidudu. Mafuta yao hushikana na oksijeni na kuchacha, rangi ya fedha inakuwa ya kahawia, na koo huwasha ukila. Ukaushaji hauzuii hilo. Kinachosaidia ni kuwazuia wasipate hewa, mwanga na joto. Wapoe kwanza kivulini, kisha wafungwe kwenye mfuko wa plastiki mzito ndani ya gunia. Wakifungwa wa moto, mvuke huganda ndani ya plastiki na kuwalowesha upya.

Sangara ni mnene mno kwa jua peke yake, ndipo ilipozaliwa kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa. Chumvi ina nguvu kuliko sukari kwa uzito uleule, kwa sababu chembe zake ni ndogo na kila moja ikiingia majini hugawanyika mbili. Gramu 360 kwa lita moja ya maji ndio mwisho wa kuyeyuka, na hapo maji huru ni 0.75. Samaki hupasuliwa mgongoni, uti hutolewa, na mnofu mnene hutiwa chale ili chumvi ifike ndani kabla ya bakteria. Kiasi ni kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki. Hupangwa tabaka kwa tabaka, chumvi ikinyunyizwa kila tabaka, maji yakiachwa yatoke, siku tatu hadi tano kwa kadiri ya unene, halafu ndipo jua. Ukipunguza chumvi ili kubana gharama, sehemu ya kwanza kuvunda ni ile iliyokaribiana na uti, na haionekani mpaka samaki akatwe. Wekundu unaojitokeza juu ya kayabo wiki kadhaa baadaye ni wa bakteria wapenda chumvi, wale wa 0.75. Mara nyingi huja na chumvi yenyewe, na tiba ni kukausha zaidi.

Sasa angalia ile 0.75 kwa jicho la hewa. Chumvi inalingana na hewa ya unyevu wa asilimia 75. Hewa ikizidi hapo, chumvi inalowa. Ndiyo maana kayabo iliyokuwa kavu kama ubao mwezi Agosti inatoa maji mwezi Aprili bila kunyeshewa hata tone. Haijaharibika bado, ila irudishwe juani siku ya kwanza ya jua na isiwekwe wazi usiku.

Michembe na matobolwa vinatoka kwenye kiazi kitamu kilekile kwa njia mbili. Michembe hukatwa ikiwa mibichi, baada ya viazi kunyauka kidogo, na kuanikwa, mara nyingi juu ya majabali, ambayo kwa Usukuma hayana uhaba. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Kuchemsha kunaua vimeng'enya vinavyoifanya michembe iwe myeusi, kunapika wanga na kubadilisha sehemu yake kuwa sukari, kwa hiyo tobolwa ni tamu na hulainika upesi, ila nje hushika ngozi ngumu inayoweza kufungia maji katikati. Vipande vya unene wa nusu sentimeta vinatosha. Jiwe lina faida ya kubaki na joto jioni, lakini usiku likipoa hukusanya umande, kwa hiyo vipande viondolewe kabla ya giza. Kilo 10 za viazi vilivyomenywa zinatakiwa zishuke hadi kilo 3.3 hivi, yaani unyevu wa asilimia 10. Kuvu wakishindwa, wanabaki wadudu, ambao hutengeneza maji yao wenyewe kutokana na wanga wanaoula. Hao huzuiwa kwa mifuko ya kubana hewa ya tabaka tatu. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa. Ukijaza mfuko huo vipande au mahindi yenye unyevu, umefungia uvundo ndani.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mfuko, pima kwa chumvi. Kausha vijiko vitatu vya chumvi kwenye kikaango au juani mpaka itiririke kama mchanga, iache ipoe. Chupa ya kioo kavu kabisa ijaze mahindi theluthi moja, tia chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikibaki chini na kioo kikawa safi, unyevu uko chini ya asilimia 15. Ikishika ukutani, hewa iliyo juu ya punje imevuka 75, yaani maji huru yamevuka 0.75, na kuvu wana nafasi. Mahindi yarudi kwenye turubai. Kwa michembe iliyovunjwavunjwa acha chupa saa nzima, kwa sababu maji ya katikati hutoka polepole. Chumvi ya mawe isiyosafishwa vizuri huanza kulowa mapema kuliko 75, kwa hiyo hiyo itakupa onyo kabla ya wakati, na hilo halina hasara.